Tarehe ya Ndoa ya Mama Mkubwa

Tunduma, 11 Februari 2024

Mama Mkubwa Ikupa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepoa na mahindi yamesimama. Sisi huku tupo. Mercy ana mwaka mmoja na miezi saba, anatembea, anaanguka, halafu anaipiga sakafu kwa kumwangusha. Mvua haijatuacha wiki nzima. Malori yamepanga foleni mpaka Mpemba, na madereva wanaingia steshenari ninapofanya kazi na matope yao kutaka fotokopi. Yupo baba mmoja wa Kizambia, kila asubuhi akitusalimu "Mulishani", Mercy anamjibu kabla sijainua kichwa.

Sikupigi simu kwa sababu wajukuu wako wanaiweka sauti ya nje, nami sipendi kusikilizwa na jiko zima. Judith amekubali kunibebea barua gari lake likirudi huko kuchukua parachichi. Na wewe ukiandika, mpe yeye.

Daftari la marehemu Baba Mkubwa Osea nimelisoma lote, na nimelifunga kwenye kanga lisipate maji. Asante kwa kuniazima. Unakumbuka Moses, katibu wa chama cha kahawa, aliniomba niandike ukurasa wa chama kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni, kwa kuwa mwezi wa saba wanatimiza miaka arobaini na wanataka kutoa kijitabu. Ile kamusi ndiyo niliyokueleza, kwamba mtu yeyote mwenye simu anaandika, na mwingine yeyote anaweza kumsahihisha. Nimeandika habari za chama, na sehemu moja ni ya Baba Mkubwa, karani wa kwanza: alizaliwa lini, alifunga ndoa lini, watoto wake, alivyofariki.

Sasa kilichonichosha ni tarehe. Nilizinakili kama zilivyo daftarini, namba na mikwaju. Akatokea mhariri mmoja, Anania, mwalimu wa Dodoma ambaye sijawahi kumwona sura, akazifuta. Kanuni yao ni siku, kisha jina la mwezi, kisha mwaka wote. Nikamwambia kwetu Mbozi hakuna anayesema Mei, tunasema mwezi wa tano, na aliyeandika ni karani, si mtoto. Akasema msomaji yuko hata Mombasa, hamjui karani wetu. Tulibishana siku nane kwenye ukurasa wa majadiliano, mimi naandika huku nanyonyesha.

Mwisho nikakubali majina ya miezi, nikaanza kuzibadilisha nikidhani namba ya kwanza ni siku. Hapo akaniuliza swali jingine: umejuaje namba ipi ni siku na ipi ni mwezi? Nikaona ananitafuta. Nikafungua daftari nimkomeshe, nikakuta kaka Nathanaeli, mwanao wa kwanza, ameandikwa amezaliwa 2/13/1982. Mwezi wa kumi na tatu haupo, Mama Mkubwa. Nikapekua zaidi nikakuta 4/27 na 11/30. Kumbe Baba Mkubwa alikuwa anaanza na mwezi. Nikampigia Moses, akacheka, akasema vitabu vyote vya zamani vya kituo cha kahawa viko hivyo, kila ukurasa una mwezi wake juu, karani anaandika mwezi kwanza ndipo siku, na mzee alipoanza daftari hili la nyumbani mkono ulikuwa umeshazoea.

Basi tarehe zote, ishirini na sita kwa idadi, nikazigeuza asubuhi moja, mtoto mgongoni. Anania ameandika mbele ya watu wote: "Dada, kwa uangalifu umenishinda." Tangu kidato cha nne hakuna aliyenisifu hivyo.

Nyumbani sijaja tangu ile Jumapili, unajua. Salamu kwa wote.

Mwanao,
Tusekile


Ruanda, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Mwanangu Tusekile,

Marahaba. Barua yako Judith aliikalia wiki mbili, anasema alikuwa na msiba. Goti langu ni lile lile. Maharage yamepata ukungu lakini hatutalala njaa. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Ruti wa jirani kaolewa, harusi ilikuwa nzuri, mvua iliisubiri wakamaliza kula. Mbusu Mercy. Usimpe maji yasiyochemshwa, Tunduma si Ruanda.

Kazi yako Moses ameichapa kwenye karatasi na kuibandika ukutani ofisini kwa chama, watu waisome kabla haijaingia kijitabuni na waseme kama kuna kosa. Wanasoma. Wanaume wakileta madeni yao ya mbolea wanasoma, na akina mama nao wanasoma.

Kosa lipo moja. Ndoa yetu umeandika 5 Septemba 1981. Moses anasema mara ya kwanza ulikuwa umeandika 9 Mei 1981, ukaibadilisha. Rudisha ile ya kwanza. Hizo nyingine sina neno nazo, wewe na mwalimu wako mnajua. Hiyo moja tu.

Mimi ndiye niliyeolewa, kwa hiyo usiniulize chanzo.

Fanya mapema. Moses anasema akishabandika upya hatabandika tena.

Mama yako Mkubwa,
Ikupa


Tunduma, 19 Machi 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Tumefurahi kwa ndama. Mercy anakohoa, nimempeleka zahanati, wamesema ni kifua cha kawaida na vumbi la malori. Nimekaa naye steshenari kwenye boksi la karatasi za A4, analala humo kama kuku anayeatamia.

Kuhusu tarehe, nimesoma barua yako mara tatu. Siwezi, Mama Mkubwa. Sisemi kwa kiburi. Daftari ni moja, mkono ni mmoja, wino ni ule ule. Amewaandika watoto wote mwezi kwanza. Ameandika msiba wa bibi mwezi kwanza. Ndoa ameandika 9/5/1981. Nikisema hapo peke yake alianza na siku, Anania ataniuliza kwa nini. Nimeangalia hata kalenda ya mwaka ule nikitafuta pa kushika. Tarehe zote mbili ni Jumamosi.

Kwenye kamusi ile mtu hasemi "mimi najua". Hata mwenyewe aliyezaliwa hasemi. Inatakiwa karatasi. Kama cheti cha ndoa kinasema Mei, nitumie kwa Judith, nitakiweka kuwa chanzo na kubadilisha siku hiyo hiyo, tena nitaandika kwamba daftari limekosea. Lakini bila cheti nitaiacha Septemba.

Nisamehe kama maneno yamekuwa makavu. Nimechoka.

Tusekile


Ruanda, tarehe 26 mwezi wa tano 2024

Tusekile,

Sisi wazima. Kahawa imeanza kuiva upande wa chini, tunachuma.

Barua yako ilinifika zamani. Cheti sitakutumia.

Nathanaeli amepiga simu kutoka Mbeya. Mtoto wake wa sekondari alifungua ukurasa wako shuleni, akaenda kumwuliza baba yake hesabu. Nathanaeli ni mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, ana heshima zake, hakuniuliza kitu. Alinisalimia, akaniuliza habari za ndama, kisha akaniuliza tena habari za ndama. Afadhali angeuliza.

Siku ya kumenya kahawa tulikuwa akina mama tisa pale mashineni. Felista, unamjua mdomo wake, aliinua punje moja nyekundu akasema, "Jamani, kahawa inakaa miezi tisa kutoka ua mpaka kuiva. Lakini ya mwenyekiti wetu ilikaa mitano, tena ikawa daraja la kwanza." Walicheka wote. Wapo niliowafundisha mimi katekisimu, nao walicheka.

Umoja wa akina mama wa kanisa, mimi mwenyekiti wao, sijaenda wiki ya tatu sasa. Nimesema ni goti.

Daftari la mume wangu lirudishe. Mpe Judith.

Ikupa


Tunduma, 2 Juni 2024

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Mercy amepona. Daftari liko mikononi mwa Judith pamoja na barua hii, ndani ya kanga yangu. Kanga usiirudishe.

Nimeanza barua hii mara nne. Kuna jambo sikukuandikia mwezi wa pili, wala mwezi wa tatu ulipoitaja ndoa.

Ile asubuhi nilipogeuza tarehe, nilianza na za chama, halafu za kuzaliwa, halafu misiba. Ya ndoa niliiacha mwisho. Nilikuwa nimeshaiona. Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya fotokopi, nikahesabu kwa vidole: Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari. Nikahesabu tena. Mteja alikuwa anasubiri, nikamwambia mashine imepata moto.

Kwa hiyo nilijua kabla ya Felista na kabla ya mjukuu wako.

Na nilikuwa na njia. Kanuni za tarehe wanazogombania Anania na wenzake nazijua kuliko anavyodhani. Zinasema tarehe ikiwa na mashaka, mwaka peke yake unatosha. Ningeandika "1981" na hakuna ambaye angeuliza. Zinasema pia kwamba habari za nyumbani za mtu asiye maarufu haziandikwi kama hazihusu jambo lenyewe. Ndoa yenu haihusu kahawa. Nilizijua zote mbili. Nikaandika 5 Septemba 1981, nikabonyeza kuhifadhi.

Nilichokuwa nacho moyoni ni ile Jumapili. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, nimevaa lile gauni la kijani ulilonishonea mwenyewe kabla hujajua. Walinisimamisha mbele ya kanisa, kwa kuwa sikuwa na ndoa. Mchungaji hakulisoma jina langu, alikupa karatasi wewe kwa kuwa ni mwenyekiti wa akina mama. Ulisoma kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Ulisema, "Tusekile ameliaibisha jina la nyumba yetu." Karatasini hayakuwepo maneno hayo, mchungaji alikutazama kwa mshangao. Kesho yake nilipanda gari kuja Tunduma na sijarudi.

Basi nilipohesabu vidole nilisikia kitu kama furaha. Ilidumu kama dakika moja. Nikaiita uangalifu. Anania akanisifu, nikazipokea sifa, nikakuandikia wewe barua ya kujisifu, makusudi, nikijua utakwenda kutazama. Na ulipoomba, nikakudai cheti huku nikijua huwezi kukitoa. Mtu anayejua kwamba mwenzake hana jibu akaendelea kumwuliza, huyo si mwangalifu. Naona aibu ambayo sikuiona hata nilipokuwa nimesimama pale mbele, maana ile nilipewa, hii nimejitafutia. Sina uso wa kukutazama.

Nimeiondoa ndoa yote kwenye ukurasa, siku na mwaka. Anania aliniuliza sababu. Nikamwandikia kwamba haikuwa na haki ya kuwa pale tangu mwanzo na kosa ni langu. Akajibu, "Sawa, ingawa tarehe ilikuwa sahihi." Nikamwambia najua. Moses nimempigia, amebandua karatasi ukutani. Kijitabu hakijachapwa.

Ila jambo moja, Mama Mkubwa, na ulipokee kutoka kwa mtoto wako. 9 Mei sitaiandika. Ukiniomba damu nitakupa, hiyo sitakupa. Nikiandika uongo ili kufunika uovu wangu nitakuwa nimefanya mambo mawili mabaya.

Usiponijibu nitaelewa.

Tusekile


Ruanda, tarehe 23 mwezi wa sita 2024

Mwanangu Tusekile,

Marahaba. Daftari limefika kavu. Kanga nimeivaa kanisani leo. Baridi imeshuka, asubuhi mikono haishiki punje. Ndama ameachishwa, analia. Nakuandikia mezani, wajukuu nimewatuma kuni wote watatu, hata yule mdogo asiyeweza kubeba.

Ulihesabu sawa. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Osea hakukataa, na tungefunga ndoa mwezi ule wa tano kweli, ilikuwa imepangwa iwe tarehe 9, lakini baba yangu alikuwa ametaka ng'ombe wengine, ikasogezwa. Kusubiri kukatushinda. Mwezi wa tisa tulifunga ndoa bila kengele kupigwa na bila shela, shemasi mmoja na mashahidi wawili, mlango umeegeshwa. Halafu tulihamia huku Ruanda ambako hakuna aliyetujua. Miaka ilipopita, katibu wa kanisa la huku alikuja kuandika familia kwenye rejesta. Osea akamwonyesha daftari. Yule akasoma 9/5 kama wasomavyo watu wote, akaandika tarehe tisa mwezi wa tano. Osea akafungua mdomo amsahihishe. Mimi nikamletea katibu chai.

Hivyo ndivyo nilivyopata ndoa ya mwezi wa tano. Sikudanganya kwa neno hata moja. Nilimimina chai tu. Osea hakuisema tena, ila kila mwaka mwezi wa tano akina mama wakiniimbia, yeye alikuwa anakwenda shambani.

Sasa ile Jumapili yako. Nilipoona tumbo lako chini ya gauni nililolishona, niliogopa. Si kwa ajili yako. Niliogopa mtu asije akatutazama wewe na mimi pamoja akakumbuka kitu. Ndiyo maana nilipaza sauti. Yale maneno ya jina la nyumba niliyaongeza mwenyewe, umesema kweli. Nilirudi nyumbani nikala, nikalala. Kwa miaka miwili nimejiambia nilifanya kazi ya kanisa.

Unasema huna uso wa kunitazama. Wangu nao uko wapi?

Alhamisi nilikwenda umoja wa akina mama. Goti linauma kweli, lakini nilikwenda. Zilipofika salamu za mwenyekiti nikasimama nikawaambia, "Nilifunga ndoa tarehe 5 mwezi wa tisa mwaka 1981, na Nathanaeli alikuwa tumboni. Rejesta yetu imeandikwa vingine na mimi nilijua. Tusekile nilimsoma jina nikiwa najua." Felista alitazama chini. Nikasema kiti cha mwenyekiti wakipe mtu mwingine. Wamesema watajadili. Wajadili. Nathanaeli nilikuwa nimempigia siku moja kabla. Akasema, "Mama, mimi nilijua tangu kidato cha pili. Baba aliniambia." Wanaume hawa.

Ndani ya bahasha kuna cheti. Ni chenyewe, si nakala. Kimekaa chini ya godoro langu miaka arobaini na miwili. Uliniambia bila karatasi hakuna tarehe. Karatasi hiyo. Irudishe ndoa kwenye ukurasa, 5 Septemba, uandike na chanzo chini kama wanavyotaka. Moses nimemwambia akusubiri.

Na uje. Umoja umesema mlango uko wazi, lakini mzee mmoja wa kanisa anasema lazima kwanza usimame mbele uombe kupokelewa, ndio utaratibu. Mimi sijui nikuambie nini juu ya hilo. Njoo tu.

Mama yako,
Ikupa


Tunduma, 30 Juni 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako Judith ameniletea jana, nikaisoma nyuma ya duka, nimekaa kwenye marobota ya karatasi. Mercy alikuwa ananifuta uso kwa mkono wenye maandazi.

Cheti nimekitazama. Jina lako limeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka. Nakirudisha, nimekiwekea plastiki ngumu kwa mashine yetu ili kisichanike zaidi. Sijakipiga picha.

Ndoa sitairudisha kwenye ukurasa. Najua umeniomba mara ya kwanza nikakataa, na sasa unaniomba kinyume chake nakataa tena, utasema mtoto huyu ana shingo ngumu. Lakini kanuni ile niliyoivunja ilikuwa nzuri. Ule ni ukurasa wa chama cha kahawa. Wewe umeshasema kwa mdomo wako, mbele ya wanaokujua. Mtu wa Mombasa haimhusu. Rejesta ya kanisa ndiyo yenye kosa, hiyo mkasahihishe wewe na katibu, na nikiwepo nitakushikia kalamu.

Nikiwepo, kwa sababu nakuja. Tajiri wangu amenipa Jumapili ijayo na Jumatatu yake. Nitamleta Mercy, umshike, ni mzito kuliko anavyoonekana.

Ila mbele sitasimama, Mama Mkubwa. Mwambie mzee huyo kwa heshima. Nilishasimama mara moja na iliwatosha. Nikiulizwa nitajibu nikiwa nimekaa. Wakisema haiwezekani, nitatoka na mtoto wangu taratibu bila kugombana na mtu, nitakusubiri nyumbani na kupika.

Naogopa. Nimewaza tangu jana nitaingiaje kwenye mlango ule, nikiwa nimebeba mtoto, watu wamegeuka. Nimejaribu kuiona na siioni. Gari la Judith litatufikisha saa tatu asubuhi, kabla ya wimbo wa kwanza. Naomba usiingie ndani kutushikia nafasi. Utusubiri nje, tuingie pamoja.

Mwanao,
Tusekile